Nakuru: Kwa Nini Mashahidi Hunyamaza

Kila wimbi la uhalifu linapozuka Nakuru, lawama mbili husikika kwa pamoja. Maafisa wa polisi hulalamika kwamba wakazi wanawajua majambazi kwa majina na kwa nyumba wanamolala, lakini hawataki kusema. Wakazi nao hujibu kwamba anayesema leo, kesho atalazimika kuhama. Ndivyo ilivyokuwa katikati ya mwaka 2022, wanawake kadhaa walipouawa katika mtaa wa Mawanga na viunga vyake, jina la genge la Confirm likawa midomoni mwa kila mtu, na wapelelezi wakatumwa kutoka makao makuu ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Malalamiko ya polisi yamepata wasemaji wengi, tangu mabaraza ya machifu hadi redioni. Hoja ya wakazi huitwa uoga, kisha mazungumzo yakaendelea na mengine. Naona hilo ni kosa kubwa, kwa kuwa kimya hicho kina sababu zinazoweza kuchunguzwa moja baada ya nyingine, na nyingi kati yake zimo ndani ya taratibu zetu wenyewe.

Polisi wana hoja, na ni hoja ya kweli. Katika visa vingi vya unyang'anyi wa mitaani hakuna ushahidi mwingine ila mtu aliyeona. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na kinampa haki ya kuachiliwa kwa dhamana isipokuwa pawepo sababu nzito za kumzuia. Siku ya kesi ikifika na mlalamishi asionekane, kifungu cha 202 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinamtaka hakimu amwachilie mshtakiwa asipoona sababu ya kuahirisha. Konstebo anayemkamata kijana yuleyule mara kwa mara, kisha akamwona amerudi mtaani Kivumbini kwa sababu hakuna aliyejitokeza kutoa ushahidi, ana kila sababu ya kuvunjika moyo. Afisa aliyevunjika moyo namna hiyo hushawishika kutafuta njia ya mkato, na familia za vijana waliouawa mikononi mwa polisi katika nchi hii zinajua njia hiyo huishia wapi.

Hata hivyo, tumfuate shahidi mwenyewe hatua kwa hatua. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na sensa ya mwaka 2019 ilikuwa imehesabu wakazi 570,674, lakini mitaa ya Bondeni, Kivumbini, Flamingo na Lake View imekaribiana kiasi kwamba mtu huijua familia ya jirani yake hadi kwa shangazi. Mkazi anayekwenda kuripoti husimama mbele ya kaunta ya kituo, na afisa wa zamu humwuliza kwa sauti jina lake, mtaa anaokaa, nyumba ya nani na nambari ya simu, huku akiandika katika OB, kitabu cha kituo cha kurekodi matukio. Nyuma yake wapo waliokuja kutafuta abstrakti, yaani hati ya polisi ya kuthibitisha kitu kimepotea au kuibiwa, waliokuja kumletea ndugu chakula, na wengine ambao hajui wamefuata nini. Kabla hajamaliza kueleza alichokiona, watu ambao hakuwachagua wameshajua kwamba amekuja kusema, na anakokaa wanakujua.

Ikiwa kesi itafunguliwa, maelezo aliyoandikisha hufika mikononi mwa mshtakiwa. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya kujua mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake, na sitaki haki hiyo iondolewe, kwa kuwa bila hiyo wasio na hatia wangefungwa kwa maneno ya watu wasioonekana. Lakini matokeo yake mtaani lazima yatazamwe. Mshtakiwa yuko nje kwa dhamana, nakala ya maelezo anayo, na jina lililo juu yake ni la mama anayeuza mboga katika soko ambalo dada zake mshtakiwa hununua sukuma wiki kila jioni. Kesi huahirishwa, kisha huahirishwa tena, na kila tarehe mpya humlazimu mama huyo kufunga biashara, kulipa nauli na kupita mbele ya watu walewale. Katika hali hiyo, anayenyamaza amepima mambo kwa akili timamu. Anayemwita mwoga amwambie angemlinda kwa lipi.

Jibu la kawaida ni Sheria ya Ulinzi wa Mashahidi ya mwaka 2006. Ni sheria nzuri, nayo inaruhusu majina ya bandia, ushahidi wa siri na hata kuhamishwa makazi. Ila ulinzi wa kiwango hicho huwafaa mashahidi wa kesi kubwa. Hakuna atakayemhamisha mtu jiji kwa sababu ameshuhudia simu ikipokonywa karibu na steji. Nambari ya Fichua kwa DCI, ambayo mtu hupiga bila kujitambulisha, inasaidia kumpata mshukiwa, lakini haiwezi kupanda kizimbani. Nyumba Kumi, mpango wa majirani kulinda usalama pamoja ulioletwa mwaka 2013 kwa kuigwa kutoka Tanzania, uliweka mzigo wa habari juu ya wazee wasiolipwa na wasiolindwa, na mauaji ya baadhi ya wazee hao kule Kwale yaliwaonya wengine wote kuhusu gharama ya kuonekana karibu na polisi.

Hapo ndipo takwimu nazo huanza kupotosha. Kwa mujibu wa takwimu za serikali, visa vya uhalifu vilivyoripotiwa kote nchini vilikuwa 93,411 mwaka 2019, vikashuka hadi 69,645 mwaka 2020, kisha vikapanda hadi 104,842 mwaka 2023. Wengi huisoma safari hiyo kama safari ya uhalifu wenyewe. Lakini mwaka 2020, kuanzia Machi 27, kafyu iliwafungia ndani wezi na waathiriwa kwa pamoja, na aliyevamiwa usiku hakuweza kufika kituoni hadi asubuhi, kama alifika. Kupanda kwa baadaye kunaweza kumaanisha uhalifu umeongezeka, au kwamba watu wamerudi kuripoti, au yote mawili, na tarakimu hizo peke yake hazitenganishi. Zaidi ya hayo, waathiriwa wengi huenda kituoni kwa sababu tu wanahitaji abstrakti ili wapate kitambulisho kipya au laini mpya ya simu, na kilichonyakuliwa na mtu aliye juu ya bodaboda mara nyingi huandikwa kuwa kimepotea. Mkuu wa kituo atakayewapokea watu vizuri kiasi cha kuwafanya waripoti unyang'anyi kama unyang'anyi ataonekana mbele ya wakubwa wake kuwa uhalifu umemshinda. Jambo hili linanisumbua kuliko upungufu wa magari na mafuta unaotajwa kila mara, maana linamwadhibu afisa anayefanya kazi yake.

Haifai kujifanya kwamba kimya cha wakazi hakina madhara. Mtaa unaokataa kwenda mahakamani ndio huohuo unaokusanyika kwa mawe na petroli siku kibaka anaposhikwa, na katika umati hakuna anayeulizwa jina. Wapo waliochomwa ambao hawakuiba chochote. Kwa hiyo polisi wanaposema kwamba kunyamaza kunalisha uhalifu wanasema kweli. Kasoro yao ni kudai ujasiri kutoka kwa watu huku kaunta ya kuripoti ikibaki ilivyo.

Mengi yanaweza kurekebishwa bila kusubiri Nairobi kuajiri maelfu ya makurutu. Chumba cha faragha cha kuandikisha maelezo hakihitaji sheria mpya. Viongozi wa mashtaka wanaweza kuiomba mahakama ifiche anwani na nambari ya simu ya shahidi katika nakala anayopewa mshtakiwa, na kifungu cha 50 chenyewe kinaruhusu umma kuondolewa mahakamani pale usalama wa shahidi unapohitaji. Hatari kwa mashahidi ni sababu halali ya kupinga dhamana, mradi mpelelezi aandike hatari hiyo kwa ushahidi badala ya kuitaja kijuujuu. Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya mwaka 2011, katika kifungu cha 41, iliunda mamlaka ya polisi ya kaunti inayoongozwa na gavana au mtu aliyemteua, ambamo wananchi nao wana viti. Mamlaka hiyo haiamrishi polisi, lakini inaweza kumwuliza kila mkuu wa kituo cha Nakuru, kuanzia Bondeni hadi Kaptembwo, ni kesi ngapi zilizoanguka mwaka uliopita kwa kukosa shahidi, na ni nani aliyekwenda kumwuliza shahidi huyo kwa nini hakufika.