Radi za Kivu na koili za transfoma: kinga ya nje au nguvu ya ndani?

Vipimo vya satelaiti vya mwaka 1998 hadi 2013 viliiweka Kabare, jirani wa Bukavu mashariki mwa Kongo, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela: mimweko takriban 205 kwa mwaka katika kila kilomita ya mraba. Ndiyo maana transfoma ikiungua baada ya mvua kubwa, Kadutu au Ibanda hapa Bukavu, hakuna anayeshangaa. Mafundi wanabishania dawa. Wengine wanataka transfoma ya kawaida ilindwe kwa parafudri, kifaa kinachoupeleka ardhini umeme wa radi kabla haujaingia kwenye koili. Wengine wanataka tulipie zaidi koili inayostahimili yenyewe.

Tuanzie ndani ya koili. Kwa umeme wa kila siku wa hertsi 50, volteji hugawanyika sawasawa: koili ikiwa na mizunguko 1,000, kila mmoja unabeba sehemu moja ya elfu. Radi haitoi nafasi hiyo. Wimbi la majaribio linaloiigiza hufika kileleni kwa mikrosekunde 1.2, na kwa muda huo induktansi, yaani ukaidi wa koili kwa mkondo unaobadilika ghafla, hairuhusu mkondo ufuate waya. Mkondo unapenya kwenye kapasitansi, yaani unavuka kati ya sehemu zilizo karibu bila kugusana, kutoka mzunguko hadi mzunguko, huku sehemu yake ikivujia kwenye kiini cha chuma na tangi, ambavyo vimeungwa ardhini. Kinachovuja hakifiki mbele, hivyo mizunguko ya mwanzo inabebeshwa mzigo wa koili nzima. Mhandisi Mjerumani K. W. Wagner alilichambua jambo hili tangu 1915. Kipimo chake ni alfa: kipeuo cha pili cha uwiano wa kapasitansi ya kwenda ardhini kwa ile ya mfululizo, ya mzunguko hadi mzunguko ndani ya koili. Alfa ikiwa 10, mkazo mlangoni mwa koili ni karibu mara kumi ya mgao wa kawaida. Kisha volteji huanza kuyumba, na nyutro, yaani ncha ya mwisho ya koili, isipoungwa ardhini, volteji yake inaweza kukaribia mara mbili ya volteji iliyoingia.

Wanaotetea parafudri wana hoja nzito. Ile ya oksidi ya zinki inakata kilele cha wimbi, na ikifa inabadilishwa bila kufungua tangi. Lakini waya wake ukiwa mrefu, kinga inapungua sana: mkondo unaopanda kiloampea 10 kwa mikrosekunde unaongeza takriban kilovolti 10 kwa kila mita. Transfoma ya laini ya kilovolti 15 kwa kawaida hujaribiwa kwa kilovolti 95. Mita tatu za waya zinakula 30 kati ya hizo. Inaniuma kuona parafudri nzuri imefungwa juu ya nguzo, mbali na tangi, waya ukining'inia.

Upande wa pili wanataja koili za kusuka, ambamo mizunguko iliyo mbali kimpangilio huwekwa ubavu kwa ubavu. Kapasitansi ya mfululizo inapanda, alfa inashuka. Kuzitengeneza ni kazi ngumu na ya gharama. Hata hivyo zinagusa kile parafudri isichokiona: wimbi dogo, lisilofikia kiwango cha kuiamsha, lakini lenye masafa yanayolingana na ya koili, linaweza kukuza volteji huko ndani.

Kwangu mimi, transfoma za mitaani zipewe parafudri kwenye tangi lenyewe, waya mfupi, na ardhi ya parafudri iungwe na tangi moja kwa moja. Gharama yake ni ndogo. Kwa transfoma kubwa zinazopokea umeme wa mabwawa ya mto Ruzizi, parafudri pekee hazitoshi. Mnunuzi adai mchoro wa mgawanyo wa volteji kwenye koili na ripoti ya jaribio la wimbi lililokatwa, yaani linaloporomoshwa ghafla, kabla ya kusaini.