Bima ya mzee isitegemee jimbo analoishi

Nchini Marekani, anayetimiza miaka 65 huingia Medicare, bima ya taifa iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson mwaka 1965. Hapo huchagua: abaki na Medicare ya kawaida, au ajiunge na Medicare Advantage, mipango inayoendeshwa na kampuni binafsi kwa fedha za serikali. Tangu 2023 zaidi ya nusu ya wanaostahili wako kwenye mipango hiyo. Lakini Puerto Rico ni zaidi ya asilimia 90, na Alaska haifiki hata asilimia 5.

Wapo wanaosema ni suala la wazee kupenda hiki au kile. Sikubaliani nao. Mzee wa Alaska hakukataa kitu. Karibu hakuna alicholetewa achague. Kampuni ya bima inahitaji madaktari na hospitali za kutosha za kufunga nazo mkataba, na penye hospitali moja tu, hospitali hiyo haina sababu ya kukubali kupunjwa. Maryland, serikali ya jimbo ndiyo inayopanga bei za hospitali, kwa hiyo kampuni hazina nafasi ya kuvutana bei, na waliojiunga ni wachache. Michigan ni kinyume: wastaafu wengi wa viwanda vya magari na wa shule huandikishwa kwa pamoja kupitia mafao yao ya kustaafu. Huo si uchaguzi wa mtu mmoja mmoja.

Sisemi mipango hii ni mibaya. Mingi hugharamia meno na miwani, tena ina kikomo cha pesa ambazo mgonjwa atatoa mfukoni kwa mwaka, kitu ambacho Medicare ya kawaida haina. Kwa mwenye pensheni ndogo, hilo ni jambo kubwa.

Kinachoniuma ni mlango wa kutokea, kwa anayetaka kuiacha mipango hiyo arudi Medicare ya kawaida. Aliye kwenye Medicare ya kawaida anahitaji bima ya nyongeza, Medigap, imlipie gharama zinazobaki. Katika miezi 6 ya kwanza, akiwa na miaka 65 na Part B yake, sehemu ya Medicare inayolipia madaktari, imeanza, hakuna kampuni inayoweza kumkatalia. Baada ya hapo, katika majimbo mengi na nje ya hali chache maalumu, kampuni inaruhusiwa kumuuliza kuhusu kisukari chake, presha yake, moyo wake, kisha ikamnyima. Ni majimbo machache tu, yakiwemo Connecticut, Maine, Massachusetts na New York, yanayomlinda hata baadaye, mengine wakati wote, mengine kwa kipindi maalumu kila mwaka. Kwa hiyo mama wa Kikongo aliyeko Maine anaweza kurudi Medicare ya kawaida akiwa mgonjwa na bado akapata nyongeza. Dada yake aliyeko Texas anaweza kufungiwa nje, ingawa wote wawili walikatwa kodi ileile ya Medicare kwenye mshahara. Bunge la Marekani lingepaswa kuifanya kinga hiyo kuwa ya nchi nzima, tena mapema.

Kila mwaka dirisha la kubadili mpango huwa wazi kuanzia Oktoba 15 hadi Desemba 7. Wewe unayemjazia mzazi fomu, piga simu kwa daktari wake na hospitali ya karibu, uulize kama wataupokea mpango huo mwaka ujao. Kisha uliza sheria ya Medigap ya jimbo lenu. Kila jimbo lina huduma ya ushauri wa bure iitwayo SHIP, na washauri wake hawalipwi kamisheni na kampuni yoyote.