Kuta za huku zina sungura, za kwetu zina milima ya theluji

Niseme wazi mapema ili asiyependa apite: mi naona sisi Watanzania tumewaachia wengine kazi ya kuwachora wanyama wetu, hasa mamalia wadogo wadogo ambao hakuna mtalii anaepanda ndege kuja kuwaona, na tangu nihamie huku Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, hili jambo linaniuma kila nikiingia kwenye sebule ya mtu.

Huku ukikaribishwa kwa mtu wa kawaida kabisa, namaanisha dereva wa basi, nesi, mwalimu mstaafu, ukutani hukosi mnyama. Sungura mwitu kasimamisha masikio, fisi maji, mbweha, kalunguyeye, kindi mwekundu, au melesi yule mwenye kichwa cha mistari nyeusi na nyeupe anaefanana kidogo na nyegere wetu. Na ni mchoro wa mkono, unywele kwa unywele, ukisogea karibu unaona mpaka manyoya ya shingoni yanavyogeuka kufuata msuli, halafu ndio umechapishwa kwenye karatasi nene ya pamba kwa wino unaokaa miaka mingi bila kupauka. Chini kushoto kuna namba kwa penseli, tuseme 12/150, maana yake hii ni nakala ya 12 na zikifika 150 hazitolewi tena, na kulia kuna sahihi ya mchoraji mwenyewe. Wanaziita printi. Ndogo ya saizi ya daftari unaweza kuipata kwa paundi 30 au 40, na mara nyingi fremu ndio inakula hela kuliko hiyo printi.

Sasa mimi ninakoishi ndiko hasa ilikoanzia hii tabia ya mnyama mzuri kwa bei ya mtu wa kawaida. Kuna bwana mmoja anaitwa Thomas Bewick, kazaliwa 1753 kijijini kando ya mto Tyne, baba yake mkulima mwenye kamgodi kadogo ka makaa, kijana akapelekwa mjini Newcastle kujifunza kuchonga. Wachapaji wengi walikua wanachonga picha kwenye ubavu wa ubao, yeye akawa anachonga kwenye kichwa cha gogo, pale mti ulipokatwa kwa kukingama, tena mti mgumu sana, akitumia vifaa vya wachonga vyuma, ndio maana aliweza kutoa mistari myembamba ya manyoya ambayo ubao wa kawaida ungemeguka. Na faida kubwa ni kwamba kibao chake kilipangwa pamoja na herufi kwenye mashine ileile, vikachapwa kwa mpigo mmoja, kwahiyo bei ikashuka. Mwaka 1790 akatoa kitabu cha wanyama wa miguu minne na watu wakakigombea.

Ukiangalia michoro yake utaona kitu. Wanyama wa kwao, sungura, mbweha, ng'ombe, wako hai, unajua kabisa huyu mtu amelala kwenye nyasi akawaangalia. Wanyama wa mbali ambao ilibidi awatoe kwenye picha za watu wengine wamepooza. Kabla yake Albrecht Dürer wa Ujerumani ni hivyohivyo: sungura aliemchora 1502 mpaka leo unahisi atakurupuka, ila kifaru wa 1515, ambae hakuwahi kumuona, alisikia tu habari za kifaru wa India aliefika Lisbon na kuona mchoro wa mtu mwingine, akamvalisha mabamba kama askari wa vita na kumuongezea kapembe mgongoni. Na Wazungu wakaendelea kumnakili kifaru huyo kwa zaidi ya miaka 200! Yaani ukiacha mtu ambae hajamuona mnyama wako akuchoree, uongo wake unaweza kuwazika wajukuu zako.

Turudi nyumbani. Mimi ni wa Tukuyu, kule kwenye mvua, migomba na chai. Sebule zetu nazijua. Kuna picha ya harusi, picha ya marehemu babu, kalenda ya benki au ya kanisa (ya mwaka juzi pia haitolewi kama picha yake nzuri), na kuna ile posta kubwa ya mlima wenye theluji, nyumba ya mbao na ziwa, mahali ambapo hakuna hata mmoja kwenye ukoo amewahi kufika wala hajui ni nchi gani. Mlima wetu Rungwe uko hapo dirishani. Mnyama utamkuta kwenye kitenge, kwenye kopo la biskuti, na kwenye pesa: simba kwenye elfu mbili, kifaru kwenye elfu tano, tembo kwenye elfu kumi. Kwa Watanzania wengi mchoro bora kabisa wa mnyama waliowahi kuushika mkononi ni noti, na haukai nao muda mrefu.

Najua mtasema tuna Tingatinga. Naipenda sana, na namheshimu sana marehemu Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliekuja Dar, mwishoni mwa miaka ya 60 akaanza kupaka rangi za baiskeli kwenye vipande vya ubao laini na kuziuza pale Oysterbay, akafa kwa risasi ya polisi 1972 kwa kudhaniwa mhalifu, na kaacha shule nzima ya uchoraji nyuma yake. Ila ile ni kazi nyingine. Chui wa Tingatinga ni chui wa hadithi, anacheza, anacheka, na mwisho wa siku soko lake ni mtalii, kwahiyo anarudia walewale, tembo, twiga, simba, chui, pundamilia. Ninachokililia mimi ni mchoro unaomtambulisha mnyama kwa usahihi kiasi kwamba mtoto akikutana nae msituni amjue.

Na mtu wa kuifanya hiyo kazi tumewahi kua nae, hili wengi hawalijui. Jonathan Kingdon kazaliwa Tabora 1935, akafundisha sanaa Makerere, na akachora mamalia wa Afrika Mashariki karibu wote, popo, panya, swala, fuko, mpaka misuli na mifupa yao, kazi ya miaka mingi ambayo wanasayansi dunia nzima wanaitegemea. Mzaliwa wa Tabora jamani! Nenda Tabora leo utafute nyumba yenye mchoro wake ukutani. Vitabu vyake ni ghali, viko maktaba za vyuo, na hakuna aliewaza kuutoa mnyama mmojammoja akauzwa karatasi moja mnadani.

Wakati huohuo huku nimeona tembo wetu wamejaa madukani, wamechorwa na watu wa huku. David Shepherd ndie aliekua maarufu kuliko wote, alienda Kenya akiwa kijana akitaka kazi ya kulinda wanyama akakataliwa, akageukia brashi, na mwaka 1960 akakuta kwetu Tanganyika pundamilia 255 wamekufa kwenye dimbwi lililotiwa sumu na majangili. Kuanzia hapo printi zake zikawa zinachangisha hela za kulinda wanyama. Simlaumu, namshukuru. Ila najiuliza mbona hela ya picha ya tembo wa kwetu ilizungukia Surrey yote, kule kusini mwa Uingereza, na isipite Songea.

Tusiwaone wa huku kama malaika lakini. Mbwa mwitu wao waliwamaliza zamani, dubu ndio kabisa. Kindi mwekundu anaependwa ukutani, wenyewe ndio waliomletea kindi wa kijivu kutoka Marekani karne ya 19 akamsukuma karibu nchi nzima, sasa England wamebaki sehemu chache kama huku kwetu Northumberland. Melesi wengi wao wanamuona akiwa kagongwa na gari barabarani. Kwahiyo nusu ya upendo wa kwenye fremu ni majuto, na hapo sisi tumewazidi mbali, kwetu mnyama bado yupo mwenyewe. Na mnyama alieko mwenyewe anakula mahindi. Huwezi kumwambia mtu wa kijijini aliekesha akifukuza nguruwe pori shambani kwamba atundike nguruwe sebuleni, mi siwezi, nimelima.

Lakini hebu tumchukue kipunji. Nyani huyu, sijui nimuite kima au nyani, wataalamu wenyewe walibadilisha mawazo, anaishi msitu wa Rungwe na Livingstone pale juu ya kwetu na kidogo Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa, basi, dunia nzima hayupo kwingine. Wawindaji wa kwetu walikua wanamjua, watafiti walisikia kwao ndio wakaanza kumtafuta, wakamuona 2003, akatangazwa 2005 kwa picha tu ya kamera, halafu mkulima akamnasa mmoja kwenye mtego shambani ndio ikapatikana maiti ya kupima, na 2006 akapewa jenasi yake peke yake, yaani kundi lake mwenyewe kwenye orodha ya wanasayansi. Afrika ilikua haijapata jenasi mpya ya nyani tangu 1923. Walipohesabiwa mara ya kwanza walikua kama 1,100 tu.

Nilimtumia mjomba wangu kwa simu mchoro wa kipunji niliouona huku. Baada ya shikamoo na habari za mvua akaniambia, "Mwanangu, huyu aliechora hajafika msituni. Kamkalisha chini. Yule hashuki ovyo, yuko juu ya miti kutwa, na zile nywele za kichwani zinasimama zaidi ya hapo." Mjomba kaishia darasa la saba na kasahihisha mchoro wa mtu wa chuo, kwa sababu anamjua mnyama wake kama Bewick alivyowajua sungura wa mto Tyne. Ujuzi tunao. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na mjomba akiwa na penseli.

Vijana wanaochora vizuri wapo, nawaona mitandaoni wanachora sura za mastaa na wachezaji wa Simba na Yanga mpaka vinyweleo. Mikono ileile inaweza kumchora minde, yule paa wa milimani ambae yuko Tanzania tu, au sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, mwenye uso wa kijivu wa Udzungwa aliejulikana rasmi 2008, karibu gramu 700, au kima punju wa Unguja, komba, kakakuona. Jina la Kiswahili chini, na la kabila la sehemu hiyo. Karatasi ya pamba na wino mzuri vitaagizwa nje, sawa, basi waanze na lino, yaani kipande laini cha kuchongea picha, unachonga mwenyewe nyumbani, unachapa kwa mgongo wa kijiko, hakuna mashine wala umeme. Saizi ya A4 ili fundi yeyote wa fremu mtaani aimudu. Nyumbani iuzwe elfu 20 au 30, sisi tulioko nje tuuziwe kwa paundi bila huruma, tofauti hiyo ndio imlipe mchoraji.

Na mchoraji atakaeanza na kipunji anitafute. Nauli ya Tukuyu nitachangia, kibali cha kuingia hifadhi ya msitu tutakifuatilia pamoja, mjomba ameshakubali kumpandisha, na akimaliza nakala kumi za kwanza nachukua mimi, tano za huku na tano nazipeleka shule ya msingi niliyosoma.