Msiwalaumu waendeshaji peke yao

Habari inasema klabu za spidiwei (mbio za pikipiki kwenye uwanja wa mviringo wa udongo) Uingereza zinalalamika kwamba waendeshaji wanaitanguliza ligi ya Poland. Jamani, tuwe wakweli. Mtu anapanda pikipiki ya cc 500 isiyo na breki, na kipato chake kinategemea pointi anazopata kwenye mbio. Akivunjika mfupa, pointi zimekwisha. Injini, matairi na fundi ni juu yake. Poland kuna hela na viwanja vinajaa, sasa atakataaje?

Mimi naishi Manchester. Usiku mmoja pale Belle Vue, klabu ya spidiwei ya hapa, mbio zilipokwisha, nilimwona kijana akifunga pikipiki yake kwenye gari, vumbi jekundu bado limemganda shingoni, fundi ameshakaa kwenye usukani. Kesho yake ana mbio Sweden! Mwili gani huo usiochoka?

Kinachoniuma zaidi ni viwanja. Brandon kule Coventry ulinyamaza baada ya msimu wa 2016, Swindon 2019, Wolverhampton na Peterborough 2023. Nyie klabu, mkimbana mwendeshaji kwa mikataba wakati viwanja vinazidi kufungwa, mtamkosa kabisa. Kaeni na Poland na Sweden mpange ratiba pamoja, na mlilie viwanja kwanza.