Neno Kiangazi Lilivyoniponza Kidevu

Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya sekondari hapa Kigoma, na kwa miaka kumi na saba nimewafundisha watoto wa watu kwamba mhimili wa dunia umeinama kwa nyuzi 23 na nusu, kwamba mwinamo huo ndio unaoleta majira, na kwamba majira ya Ulaya si majira yetu. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba lililonipata halikutokana na kukosa elimu.

Nina nywele kidevuni. Zilipoanza zilikuwa tatu, nami nikiwa na miaka thelathini na minane, na shangazi yangu wa Ujiji akanionya nisiziguse kwa sababu ndevu za mwanamke ni dalili ya mali. Niliisubiri mali hiyo miaka minne. Kilichokuja ni ndevu nyingine, ngumu kama uzi wa kushonea magunia ya dagaa, na kila nilipozing'oa kwa kibano ziliniachia vipele vyeusi, kwa kuwa nywele zetu hizi za kujikunja zina tabia ya kurudi kuchimba ndani ya ngozi badala ya kutoka nje kwa adabu.

Aliyenitajia leza ni binamu yangu anayeishi Uingereza, ambaye kwa umri ni dada kwangu. "Mdogo wangu," aliniambia kwa simu, "leza na jua havipatani. Sisi huku tunaanza Oktoba, tunamaliza Machi, na kiangazi kikifika mtu yuko tayari." Akanieleza kwamba mwanga wa leza hufuata weusi ulio ndani ya nywele, ukageuka joto na kuunguza shina lake, lakini ngozi iliyopigwa na jua huwa na weusi wa ziada, kwa hiyo mwanga huishia juu juu na kuichoma ngozi yenyewe. Tena mara moja haitoshi, maana zinazoungua ni zile zinazokua kwa wakati huo tu, na zilizolala husubiri zamu yao. Ndiyo sababu watu hurudi mara sita au nane, kila baada ya wiki kadhaa.

Kwake kiangazi ni Juni, Julai na Agosti. Kwetu pia kiangazi ni Juni, Julai na Agosti. Nilifungua kalenda, nikaona miezi imelingana kana kwamba Mungu mwenyewe ameipanga kwa ajili ya kidevu changu, nikafunga kalenda. Haikunijia hata kidogo kwamba kiangazi chake ni msimu wa jua kupanda juu na chetu ni msimu wa mvua kukosekana, wala kwamba mwezi Juni jua la mchana hapa Kigoma huegemea kaskazini kwa nyuzi 28 hivi. Nilipanga miadi tarehe 9 Oktoba katika kliniki moja ya Dar es Salaam, na barua ya kuomba ruhusa kwa mkuu wa shule nikaiandika kwamba ninakwenda "kwa matibabu", kwa sababu sikuona namna ya kuingiza neno ndevu katika barua yenye kumbukumbu namba.

Tarehe 5 Oktoba nilikuwa na kipindi cha vitendo na Kidato cha Tatu. Mada ilikuwa jua la utosini. Kigoma iko karibu nyuzi tano kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hutupitia utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na siku hizo kijiti kilichosimikwa wima hukosa kivuli kwa dakika chache. Niliwatoa wanafunzi uwanjani saa sita kamili, nikakishika kijiti cha mita moja kwa mikono yangu ili kisiyumbe, nikaunyanyua uso kuelekeza angani, nikasema, "Tazameni."

Kivuli kilikuwepo, kirefu kupita kiganja.

"Madam, mbona bado?" aliuliza kiranja.

Nilikuwa nimesahau jambo ambalo mimi mwenyewe hulitungia mtihani: saa ya Tanzania hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ilhali Kigoma iko karibu na nyuzi 30, na kwa hiyo jua letu huchelewa. Adhuhuri ya kweli siku ile ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi. Mwalimu hawezi kuwarudisha watoto darasani huku kivuli kikimcheka, basi nilisimama palepale dakika hamsini, bila kofia, kidevu juu, nikieleza na kufafanua, mpaka kivuli kikajikunja chini ya kijiti na Kidato cha Tatu wakapiga makofi. Yalikuwa mafanikio makubwa ya kitaaluma. Jioni nilipojipaka mafuta, uso uliwaka kama nimepakwa pilipili.

Kosa la pili nililifanya usiku wa kuamkia safari. Kliniki ilikuwa imenitumia ujumbe kwamba nisizing'oe nywele kwa wiki kadhaa, ila siku moja kabla ya miadi nizinyoe kwa wembe. Wembe! Tangu utoto nimeambiwa kwamba mwanamke akitia wembe kidevuni, zitarudi kama za beberu. Niliona kliniki imekosea kuandika, na kwa kuwa basi la Dar es Salaam hula mchana kutwa na usiku wake, na jirani wa kiti huwa na muda mrefu wa kumtazama mtu, nilichukua kibano nikazing'oa zote, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu wa hali ya juu.

Binti wa kliniki alinipokea vizuri, akaniketisha, akaniwekea taa usoni. Alikaa kimya kwa muda ambao sikuupenda.

"Samahani mama, umekuwa juani hivi karibuni?"

"Kidogo," nikasema.

"Na nywele zenyewe ziko wapi?"

Nilimweleza kwa fahari kwamba nimemrahisishia kazi. Alishusha taa, akanifahamisha kwa upole kwamba leza hutafuta shina, na mimi nimekuja na ngozi iliyoungua isiyo na shina hata moja, yaani ule mwanga ungechoma kisichotakiwa na kukosa kinachotakiwa. Akaniambia nirudi baada ya wiki sita. Nilikuwa nimesafiri zaidi ya kilomita elfu moja kuja kupewa tarehe.

Niliporudi shuleni, uso umeanza kubanduka kama ganda la kitunguu, chumba cha walimu kilinyamaza. Mkuu wa shule alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Mwenzangu wa Kiswahili alinikabidhi bahasha ya mchango, na wa Baiolojia alikuwa ameleta migebuka minne kwenye mfuko, akasema nile nipate nguvu. Hakuna aliyeuliza ninaumwa nini, na mimi, Mungu anisamehe, sikusema. Nauli ya Desemba ilitoka ndani ya bahasha ile.

Desemba nilikwenda na mwavuli, nimenyoa kwa wembe, na binti yule akanivisha miwani myeusi, akanipaka jeli ya baridi, akaeleza kwamba kwa ngozi nyeusi hutumia leza ya mawimbi marefu, ya nanomita 1064, ambayo haihangaiki sana na rangi ya juu. Iliuma kama mpira wa kufungia noti ukivutwa na kuachiwa. Baada ya wiki mbili ndevu zilianza kudondoka zenyewe, zote isipokuwa moja ambayo imegeuka mvi, na leza haioni mvi. Shangazi anasema hiyo ndiyo ya mali.

Oktoba iliyofuata nilifundisha jua la utosini nikiwa chini ya mwembe, na mwavuli wangu juu yangu hata hapo. Kiranja ndiye aliyeshika kijiti, kuanzia saa saba kasoro robo.

"Madam, kivuli kimeisha! Njoo uone!"

"Nimeona," nikajibu kutoka mwembeni, nikaandika kwenye daftari kwamba nimeona.