Siku Boti Ilipozamisha Mtaa

Boti ya mjomba iliingia Nkuhungu saa saba mchana juu ya kirikuu, imelazwa chali kama mbuzi aliyefungwa miguu. Mtaa mzima ulitoka kuangalia. Sisi wa Dodoma tunapokea mengi kutoka barabara ya Iringa: mkaa, vitunguu, perege wa kukaanga kutoka Mtera. Boti hapana.

Mjomba alivua Mtera miaka mingi. Boti aliuziwa na mradi fulani uliofunga virago, akawa anatamba nayo katikati ya mitumbwi ya mbao. Sasa magoti yamegoma, kanirithisha akiwa hai. "Mjomba," aliniambia kwa simu, "hiyo ni aluminiamu, haiozi. Inavuja kidogo tu."

Kidogo! Nilihesabu viraka kumi na tisa. Vingine lami, vingine gundi, na kimoja kilikuwa kisigino kizima cha kandambili ya bluu kilichobanwa kwa boliti mbili za chuma. Kuzunguka zile boliti, bati lilikuwa limeota unga mweupe kama wa muhogo. Niligusa kwa kidole, kidole kikatokea upande wa pili. Baadaye nilielezwa kwamba chuma na aluminiamu vikigusana majini, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Kumbe mjomba kila akiziba tundu moja alikuwa anayapandia mbegu mengine mawili.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alifika na mizani yake kabla hata sijamlipa wa kirikuu. Mke wangu akaizunguka boti mara moja, polepole, akauliza, "Baba Neema, hapa zinatoka sufuria ngapi?"

Nikakataa. Nilishajiona Mtera, kofia kichwani, perege wananisubiri.

Nikaanzia kwa kijana anayechomelea mageti hapo barabarani, maana kwangu mimi kuchomelea ni kuchomelea. Naye hakuwa na hiyana. Sasa, chuma kina adabu: kikikaribia kuyeyuka kinakuwa chekundu, unajua umefika. Aluminiamu haitoi taarifa. Inayeyuka kwenye nyuzi 660, na mpaka dakika ya mwisho imekaa inang'aa vilevile kama haihusiki. Kijana aligusa kitundu cha ukubwa wa punje ya mtama, cheche zikaruka, tukainama kuangalia. Nikaona kiatu chake kupitia humo. "Bosi," akasema, akivua miwani, "hii siyo geti."

Ndipo nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa Chang'ombe aliyewahi kuunda boti kule ziwani. Huyo akaniambia kwa simu kwamba boti ya aina hii haichomelewi ovyo, inapigwa ribiti, vile vipini vya kugongwa vinavyobana bati kwa bati, tena ribiti za aluminiamu. Angekuja Jumamosi jioni. "Kabla sijafika, inyanyue juu ya matofali, ujaze maji ndani. Siyo nje, ndani! Yatakapotokea, zungushia chaki. Tundu linajitaja lenyewe."

"Maji kiasi gani, mzee?"

"Weka vi..." Salio likaisha. La kwangu.

Jumamosi ile mke wangu alikwenda kwenye kikoba. Ilikuwa Oktoba, mgao wa maji umekaza, na simtanki letu la lita elfu mbili lilikuwa limejaa jana yake usiku, baada ya siku sita za kusikilizia bomba likipumua hewa. Hapo akili yangu ikafanya hesabu ambayo mpaka leo naikumbuka kwa uchungu: kuyahamishia maji kwenye boti si kuyapoteza. Nitaona panapovuja, nitachora chaki, kisha nitayachota kuyarudisha. Maji yaleyale, tanki lilelile. Mke wangu hatajua.

Nikapanga matofali mafungu mawili, moja mbele, moja nyuma. Watoto wa mtaa wakanisaidia kunyanyua, wakisitisha kwa muda daladala yao, maana wiki nzima boti ilikuwa inapiga ruti: "Nkuhungu, Sabasaba, siti zipo!" Nikachomeka mpira wa maji, nikafungulia, nikachuchumaa na chaki yangu.

Uzuri ni kwamba mjomba hakudanganya. Ilivuja kidogo. Tone hapa, nikachora. Tone pale, nikachora. Maji yakapanda, nikafurahi, nikasema yapande zaidi, tusibakize tundu. Lita elfu mbili ni tani mbili, jambo ambalo mwalimu wangu wa sayansi alilisema darasa la sita na mimi nikalijibu vizuri kwenye mtihani. Katikati ya yale mafungu mawili hapakuwa na tofali hata moja.

Kwanza boti ilitoa sauti, ng'ong'o, kama mtu anayeketi kwenye kiti asichokiamini. Kisha ribiti zikaanza kuchomoka moja moja, ta, ta, ta, kama bisi. Kisha ikajikunja katikati na yote yakashuka mara moja.

Yalinibeba mimi. Yalibeba ndoo, kandambili tatu na jogoo mmoja, yakapita chini ya geti na kuteremkia kwa bibi jirani. Bibi wa watu alikuwa ameanika akiba yake ya mlenda, ule mkavu wa kutwanga, uote jua kabla wadudu hawajauwahi. Waliokulia huku wanajua mlenda ukikutana na maji unakuwaje.

Mtu akapiga kelele, "Bomba limepasuka!" Hakuna aliyeuliza la nani. Milango ikafunguka, watu wakatoka na ndoo, madumu, mwingine na beseni lenye vyombo bado. Wa kwanza alifika kwenye mlenda akaenda. Wa pili akamfuata. Baba mmoja mzima, mheshimiwa kabisa, aliteleza kutoka geti la bibi mpaka kibanda cha chipsi akiwa amesimama wima, dumu mkononi, bila kupiga hatua.

"Mwanangu," bibi akaniita, amesimama juu ya kigoda, "huu mlenda umeuunga wewe. Sasa ule."

Mzee fundi alifika saa kumi na moja, mke wangu tayari amesharudi na hajanisemesha. Akaizunguka boti bila neno. "Nilikwambia vidole vinne," akasema hatimaye. Akachukua chaki mkononi mwangu, akainama, akachora duara moja ardhini kuizunguka boti nzima, kuanzia mbele mpaka nyuma akarudi mbele. Akajifuta vumbi, akaomba maji ya kunywa.

Mke wangu akamwelekeza kwa bibi.