Eti magari ya zamani yalikuwa ya wanaume

Kuna picha inazunguka kwenye magrupu wiki hii: Ford Model T, gari la Kimarekani la mwanzoni mwa karne iliyopita, imeng'arishwa mpaka unajiona, na chini yake mtu kaandika kwamba hapo ndipo palikuwa na madereva, siku hizi ni pawa stelingi na siti za kudekea. Watu wanampigia makofi! Natamani apewe hiyo Ford aende nayo Chalinze tu, kisha tuongee akiwa amelala kifudifudi.

Siti yenyewe haisogei mbele wala nyuma. Mfupi ajinyooshe afikie pedeli, mwenye kitambi akabane na usukani. Ndiyo maana ziliuzwa hadi sukani zenye bawaba, unakunja, unaingiza tumbo, unarudisha. Na chini ya makalio ya dereva kuna tangi la petroli. Sitanii. Ukitaka kujaza unashuka, unang'oa mto wa siti, unafungua kifuniko, unachovya kijiti uone kimelowa hadi wapi. Gia za usukani ziko juu kabisa, chini ya mikono yako, kwa uwiano wa 4 kwa 1 tu, yaani usukani uzunguke mara nne ili mhimili wake uzunguke mara moja, haupunguzi mshindo sana, kwa hiyo tairi la mbele likigonga jiwe, viganja vinapata habari papo hapo.

Na hayo yalikuwa maendeleo! Benz ya 1886 haikuwa na usukani wa duara, ilikuwa na kimkono cha kuzungusha. Wengine waliongoza kwa fimbo. Émile Levassor, mtengeneza magari Mfaransa, aliendesha mbio za Paris–Bordeaux–Paris mwaka 1895, kilomita 1,178, saa 48 na dakika 48, ameshika fimbo hiyo karibu muda wote. Mwanaume huyo, siyo? Mwaka uliofuata, kwenye mbio za Paris–Marseille, akamkwepa mbwa, akarushwa nje ya gari. Hakurudi tena katika afya yake, na Aprili 1897 akafariki.

Kinachoniuma ni kwamba dawa ilikuwepo. Mwaka 1894 Alfred Vacheron alikwishashindana Paris–Rouen akiwa na usukani wa duara, tena kwenye gari la Panhard, kampuni ya huyo huyo Levassor. Kampuni ikaja kuuweka kwenye magari yake mwaka 1898, mwenyewe yuko kaburini.

Halafu kuna Francis Davis, Mmarekani aliyefunga pawa stelingi kwenye Pierce-Arrow mwaka 1926 ikafanya kazi. General Motors wakaichukua, wakapiga hesabu, wakaona ghali, wakaiweka kando. Mnunuzi wa kawaida akaipata mwaka 1951, kwenye Chrysler Imperial. Miaka 25 watu wanakata kona kwa mabega kwa sababu ya kalamu ya mhasibu.

Haya, nakubali shingo upande: ukikaa kule juu unaona barabara vizuri, na gari likigoma nyundo na waya vinatosha. Kwenye siti sikubali.

Maana maneno haya ya "kudeka" hayajaishia kwenye picha. Kuna madereva wa malori wanaokalia springi zilizokufa, wamefunga sponji kwa kamba ya mpira, na wakiomba siti nyingine wanaambiwa wenzao wa zamani walivumilia. Anayewaambia hivyo anatembelea V8.